Shajara ya Anayekaa Nyuma

2 Februari

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu kalamu na kumfunulia asiyoyajua.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu,

Amani iwe juu yako na juu ya wote mnaolala chini ya dari moja. Sisi huku tu wazima, na shukrani zote ni za Mola. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana. Goti lake limepoa, na sasa hakuna wa kumzuia kupanda ngazi kupangusa vioo. Mama yako alitutembelea wiki iliyopita, akanung'unika kwamba umepangiwa kazi mbali mno, kisha akala, akanyamaza. Usihangaike kunipigia simu. Masikio yangu hayaipati tena. Niandikie.

Nimesoma habari za shule yako mpya na nimefurahi, ila jambo moja limenikaa kichwani. Unasema kwamba hutaki kuwapima watoto kwa mtihani peke yake, bali kwa shajara wanazozitengeneza kwa mikono yao. Mimi nimefundisha chuo cha Kurani miaka mingi, na mtoto nilimpima kwa kumketisha mbele yangu na kumsikiliza. Akikosea, nilijua pale pale. Mtoto aliyeachiwa karatasi ataandika kile anachodhani mwalimu anapenda kukisoma. Utamjuaje mwenye elimu, na utamjuaje mwenye maneno tu? Nieleze bila haraka.

Kwa kuwa karatasi zinahitaji kushonwa, nakutumia uzi mweupe, ule ule ninaojalidia vitabu vya msikiti tangu ujana wangu. Watoto wapige mafundo yao kwa nje, haidhuru. Lile fundo langu la ndani, lisiloonekana kwa jicho wala kupapaswa kwa kidole, sikuelezi kwa barua. Sijapata kumfundisha mtu. Mkaza mjomba wako anasema huo ni ubahili, na huenda kweli. Ukija likizo nitakuonyesha.

Mola akuhifadhi.
Mjomba wako

*

9 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo ya mkaza mjomba naye umfikishie, na umwambie ashuke kwenye ngazi. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama uwanja wa shule, na mwenye nyumba ni mama mtulivu anayenidai habari kuliko kodi. Uzi umefika. Ahsante sana.

Sasa nikujibu. Kila mtoto hukunja karatasi zake, hukata jalada kutoka kwenye boksi kuukuu, hushona. Kila Ijumaa huandika chini ya vichwa vitatu: nilichojifunza, kilichonishinda, ninachotaka kuuliza. Nami humjibu pembeni kwa kalamu ya risasi. Alama siiweki kwa uzuri wa mwandiko. Natazama mtoto ametoka wapi wiki ile na amefika wapi wiki hii. Mwenye maneno matupu hujifichua mwenyewe, Mjomba, kwa sababu hashindwi na kitu. Anayejifunza kweli hushindwa na jambo jipya kila mara.

Wana vituko vyao. Msichana mmoja mwenye miwani, tunayemwita Profesa, aliandika: "Kilichonishinda: kuvumilia kelele za jirani yangu." Jirani akaandika: "Kilichonishinda: kukaa na polisi." Mwalimu mkuu, ambaye kengele haruhusu mtu aiguse ila yeye, na kwa hiyo anaitwa Bwana Kengele, alisimama mlangoni akatazama karatasi zilivyozagaa. "Mwalimu," akaniambia, "karatasi za ofisi zinaisha. Zikiisha utawashonea nini, mashati yao?"

Lakini kuna jambo jingine, na ndilo lililonifanya niketi kuandika. Katika rundo la kila Ijumaa huzidi shajara moja. Haina jina. Haikushonwa, ni karatasi zilizokunjwa tu, baridi kidogo zikishikwa, kama zilizolala sakafuni. Mwanzo ilikuwa na mikwaruzo, kama ya mtoto anayejifunza kushika kalamu. Kisha zikaja herufi, kisha maneno. Nilidhani ni mdogo wa mmoja wao anayeingizwa kwa utani. Ijumaa moja ikaandika: "Nilichojifunza: mvua hupimwa kwa chupa iliyokatwa shingo. Kilichonishinda: chupa yangu ilianguka."

Mjomba, somo la kupima mvua nililifundisha Jumanne iliyofuata. Chupa tulizipanga dirishani. Moja ilianguka, iliyokuwa karibu na dawati la nyuma, na dawati hilo halina mtu.

Chini ya ninachotaka kuuliza paliandikwa: "Kwa nini siitwi?"

Niitie alama shajara hii, au niiache?

Mpwa wako

*

14 Aprili

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ajuaye yaliyofichika na yaliyo wazi.

Mpwa wangu,

Salamu za amani na za rehema. Barua yako imenikuta mzima. Jirani yetu fundi saa amepata mjukuu, naye amemkagua mtoto kwa lenzi yake ya kazini hata mama wa mtoto akachukia. Mkaza mjomba wako amepaka rangi mlango wa mbele bila kuniuliza, na sasa nikirudi sala ya adhuhuri naipita nyumba yangu. Mimi nina kikohozi kidogo cha vumbi la karatasi, si cha kukizungumzia.

Umenijibu vizuri juu ya kupima. Hiyo sentensi yako, kwamba anayejifunza kweli hushindwa na jambo jipya, nimeipenda, na nimekuwa nayo siku nyingi. Nakuondolea shaka yangu ya kwanza.

Juu ya shajara ya ziada, mche Mungu na uwe mwangalifu. Kwanza mtafute binadamu. Mtoto mwerevu anaweza kufungua daftari lako la maandalizi na kuusoma mpango wa wiki. Kwa hiyo fanya hivi: siku moja uache mpango wako, ufungue kitabu mbele ya darasa bila kuchagua, na ufundishe ukurasa utakaojitokeza. Kisha ulinganishe.

Kama ni binadamu, utacheka na utaniandikia. Kama si binadamu, ghaibu si yangu wala si yako. Usiikaribishe, usiitukane. Yeyote aliyekuja darasani kutafuta elimu, heshima ya elimu inamtosha mpaka ijulikane anataka nini.

Alama usiitie kwanza.

Mjomba wako

*

20 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Mimi sijambo. Mvua zimekatika na uwanja umekuwa vumbi tupu.

Nilifanya ulivyoniagiza. Nilimpa Profesa kitabu, akafumba macho, akafungua. Ukaja ukurasa wa mapafu. Tukayatengeneza kwa chupa na puto, na puto la mezani kwangu likapasuka, darasa zima likavunjika mbavu kwa kicheko.

Nilikuwa nimefungia rundo la Ijumaa iliyotangulia kabatini, bila kulisoma. Nikalifungua mbele ya Bwana Kengele, awe shahidi. Shajara ile ilikuwa humo. "Nilichojifunza: mapafu ni mifuko miwili. Puto la mwalimu lilipasuka." Bwana Kengele alisoma, akasoma tena, akasema anasikia wito wa simu ofisini. Simu haikulia.

Ukurasa uliofuata ulikuwa umeandikwa pia. Huo sikunakilii.

Mjomba, je, kikohozi kimepona? Umekwenda hospitali? Tafadhali nenda hospitali. Na je, unao uzi wa buluu? Nijibu haya kwanza kabla ya mengine.

Mpwa wako

*

25 Juni

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, mponyaji.

Mpwa wangu,

Amani iwe juu yako. Barua yako ni fupi kama risiti, na ndani yake umeniuliza afya yangu mara mbili na uzi mara moja. Nakujibu kwa utaratibu. Kikohozi kipo, kinakuja na kuondoka kama mgeni asiye na haya. Hospitali sijakwenda, kwa kuwa sioni sababu. Uzi wa buluu sina, wala sijapata kuwa nao maishani. Kitabu kilichojalidiwa na mimi hujulikana kwa uzi mweupe.

Nami nina maswali. Ukurasa ule ulisema nini? Shajara hiyo bado ni karatasi zilizokunjwa, au imeshonwa? Uliniambia kwamba haikushonwa, kisha hukutaja tena. Mwanafunzi anayeruka swali moja katika karatasi yake, mimi hulitazama swali hilo hilo.

Nimekusudia kuja kwako mtakapofunga muhula huu wa pili. Nitaketi nyuma ya darasa lako nitazame kwa macho yangu. Tena nitakuletea uzi, na ubahili wangu nitauacha mlangoni: nitakufundisha lile fundo.

Mjomba wako

Mwanangu, ni mimi mkaza mjomba wako, naongeza mstari huu akiwa anatawadha. Anakohoa, na leso anafua mwenyewe ili nisione. Mwandikie maneno makali. Mimi hanisikii, na si kwa sababu ya masikio.

*

30 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mkaza mjomba mpe salamu zangu, umwambie nimemsoma.

Mkaguzi alikuja. Ni mama mmoja mpole mwenye mkoba mzito kuliko yeye, na alitaka kujua kama shajara zinapima kitu au ni michoro ya kupamba ukuta. Nikampa rundo zima kabla sijawahi kuitoa ile moja. Akasoma moja baada ya moja. Bwana Kengele alikuwa pembeni akijifuta jasho.

"Hii ndiyo bora," mkaguzi akasema. "Tazama, mwalimu mkuu. Ukurasa wa kwanza mtoto hajui kushika kalamu. Huku mwisho anauliza maswali ya mtu mzima. Hata mimi ningempandisha darasa. Ni ya nani?"

Bwana Kengele akaanza, "Watoto wengine, mama, huwa hawaandiki majina," lakini Profesa akainua mkono, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni ya yule anayekaa nyuma."

Wote wakageuka. Si kwa mshangao, Mjomba. Waligeuka kama watoto wanavyogeuka mwenzao anapotajwa. Mkaguzi alitazama dawati tupu, akatabasamu, akaandika katika fomu yake kwamba darasa lina ari ya ushirikiano.

Walipotoka nilimuuliza Profesa, "Unamwona?"

"Hapana, mwalimu," akasema. "Lakini tunampisha."

Sasa naomba unisikilize. Usije. Muhula ukifungwa nitakuja mimi. Usipande basi, usifungashe kitu, usininunulie uzi wa aina yoyote. Nenda hospitali. Ukinipenda, fanya hayo na usiniulize.

Mpwa wako

*

3 Septemba

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, wake ni ufalme wa siku zote.

Mpwa wangu,

Amani juu yako. Likizo ilipita na hukuja, ingawa uliandika kwamba utakuja. Mama yako alikupikia, tukala sisi.

Nitakuhadithia jambo dogo. Jumatatu nilikwenda kwa muuza vifaa vya kushonea, yule ninayenunua kwake tangu wewe hujazaliwa. Uzi mweupe umekwisha, akaniambia, na mzigo mpya haujulikani utafika lini. "Mzee, leo chukua huu," akasema, akaweka mkononi mwangu uzi wa buluu. Nikamtania kwamba vitabu vyangu vitadhani vimekwenda harusini. Akacheka, nikalipa, nikatoka.

Nilipofika kwenye mlango wangu wenye rangi mpya ndipo nikakumbuka swali lako la mwezi wa Mei. Nikasimama pale kwa muda. Mkaza mjomba wako alidhani nimeipita nyumba tena.

Mimi ni kaka wa mama yako. Nilikufundisha herufi ya kwanza, nikakushika kidole juu ya mstari. Sikukuamuru jambo tangu ukue, leo nakuamuru. Niandikie ukurasa ule kama ulivyo, bila kupunguza neno kwa ajili ya kunihurumia.

Mjomba wako

*

19 Septemba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo.

Nimetii. Shajara hiyo, tangu Ijumaa ile ya Mei, imeshonwa. Uzi ni wa buluu. Nimeipapasa mgongo mzima, nje na ndani, nikaipeleka mwangani, na fundo silioni. Najua mtu mmoja tu awezaye kushona hivyo, na hajamfundisha mtu.

Na huu ndio ukurasa:

"Nilichojifunza: jina la Mungu huandikwa mstari wa kwanza. Mwalimu wa alasiri ndiye aliyenifundisha. Huja watu wakishaondoka. Ni mzee. Hainui sauti. Amenishonea karatasi zangu zisipotee. Zamani alikuwa anakohoa, sasa hakohoi tena.

Kilichonishinda: mwalimu wa asubuhi analia.

Ninachotaka kuuliza: nimwambie nini?"

Kila ilichoandika kimetokea, Mjomba. Mvua, puto, yote. Nilidhani nikinyamaza, na wewe usipokanyaga huku, ukurasa huu utakosea, na ningefurahi kuupa sifuri. Ndiyo maana likizo sikuja. Niliogopa kwamba nikikuona uso nitasema.

Bado hujachelewa. Nenda hospitali leo. Utupe mbali ule uzi.

Mpwa wako

*

21 Novemba

Mwanangu,

Nakuandikia mimi mkaza mjomba wako. Mama yako ameshakupigia, najua, na najua kwamba njia ilikuwa ndefu na hukuwahi mazishi. Usijilaumu. Alikwenda taratibu, mchana, nikiwa nimemshika mkono.

Bahasha hii aliifunga mwenyewe mwezi wa Oktoba, akaniagiza niitume baada yake, si kabla. Nilitaka pia kukutumia ule uzi wa buluu, maana alisema ni wako. Aliuweka chini ya mto wake akiwa hajautumia hata pima moja. Nimetandua kitanda, nimepindua godoro, nimefagia. Uzi haupo. Watu waliotusaidia kumwosha nimewauliza, hawakuuona. Usinieleze kitu. Nimekuarifu tu.

Soma barua yake ukiwa umeketi.

*

8 Oktoba

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye kwake tunarejea sote.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwalimu mwenzangu,

Amani na rehema ziwe juu yako. Ukisoma haya nitakuwa nimetangulia, nawe utakuwa umechoka kulia. Kunywa maji kwanza.

Hospitali nilikwenda, siku mbili baada ya barua yako, ili nisivunje ombi lako. Daktari, kijana mwenye adabu, aliitazama picha ya kifua changu kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Nilimwambia asihangaike kutafuta maneno laini. Habari ilikwisha kunifikia kwa njia nyingine. Siku ya mtu aliyopangiwa haingoji shajara kuandikwa, wala haiogopi uzi kutupwa. Kwa hiyo uzi sikuutupa. Nawe usidhani kwamba ungesema mapema au ungenyamaza daima lingebadilika neno. Hukuniua kwa kuniambia. Ulinipa nafasi ya kujiandaa, na wengi hawaipati.

Huko kwako sitakuja kwa basi. Nguvu hizo zimekwisha. Sisemi pia kwamba mzee wa alasiri ni mimi. Ghaibu ni ya Mungu, na huenda ana waja wengi wanaojua kuficha fundo. Nitasema tu kwamba nilipofika penye neno "hakohoi tena" niliiweka karatasi kifuani, nikashukuru.

Sasa nilipe deni la ubahili wangu. Anza kushona tundu la katikati, ukitokea ndani. Mwisho uzi ukirudi ndani, usiufunge hapo ulipo. Upitishe chini ya mshono mrefu, uuzungushe juu yake wenyewe, kisha uvute mpaka fundo lizame kwenye mkunjo wa karatasi. Kata karibu. Ukikunja ukurasa, litalala humo. Wafundishe watoto wote. Lisiwe tena fundo la mtu mmoja, ili siku ukiliona mahali usilazimike kuuliza ni la nani.

Mwezi wa Machi uliniuliza kama shajara ile itiwe alama, nami nikasema ungoje. Sasa tia. Ulinifundisha wewe mwenyewe kutazama kinachomshinda mtoto. Mwanzo ilimshinda chupa iliyoanguka. Mwisho amekushuhudia wewe ukilia, na hajui akwambie nini. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, wachache walifika pale. Mpe alama kamili.

Na umjibu. Tangu mwanzo aliuliza swali moja, kwa nini haitwi, na sote wawili tuliliruka kwa woga. Unapowaita watoto asubuhi, ukifika mwisho, inua macho uelekee dawati la nyuma, useme: "Na wewe mwenzetu." Useme kwa sauti ile ile unayowaitia wengine. Ukisikia kitu, endelea na somo. Usiposikia, endelea na somo. Na alasiri ukitoka, usifute ubao wote. Acha kipande cha chaki, na kiti kimoja usikipandishe juu ya meza.

Mola akuangazie kifua chako na akupanulie elimu yako. Aibariki nyumba uliyopanga na mama mwenye nyumba, amhifadhi mkaza mjomba wako anaposhuka ngazi, ampe mama yako subira. Awafungulie watoto wa darasa lako milango ya ujuzi, wanaokaa mbele, wanaokaa katikati, na yule anayekaa nyuma. Amina.

Mjomba wako